Tunaongea mtihani, tunasahau nyumba



Jumapili iliyopita, kisha misa, papa mmoja jirani yetu hapa Makiso alikuja kupiga hodi kwangu na karatasi mkononi. Ilikuwa barua kwa shefu wa kartie. Inaomba vijana wanaokaa mu aneksi ya nyuma, lupango ya pili kutoka kwetu, waondolewe. Sababu ziliandikwa nne: muziki usiku, pikipiki inayoingia saa yoyote, wageni wasiojulikana, na harufu ya choo. Majina saba yalikuwa yamekwisha kuwekwa chini. Papa akaniambia: "Weye uko mutu ya masomo. Sinye hapa, bataona kama barua iko na uzito."

Sikusinye. Lakini sikukataa pia. Nilimjibu, "Papa, uniachie karatasi mpaka kesho," na maneno hayo yalinisumbua juma nzima, maana yalikuwa maneno ya mtu mwoga.

Usiku ule, kwa bahati, SNEL ilikuwepo. Nikafungua kompyuta nikaangalia tena Examen d'État, filamu ya Dieudo Hamadi. Wengi wetu tunaijua. Hamadi ni mtoto wa hapa, alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Filamu ilitoka mwaka 2014 na ilionyeshwa Paris mwaka ule ule, katika tamasha la Cinéma du Réel. Zamani nilitaka kuandika juu yake, nikawa ninachelewa. Barua ya jirani njo imenisukuma.

Neno langu ni moja. Filamu hii tunaisifu, na tunaikosoa, kwa jambo ambalo si moyo wake. Kila mara jina lake linapotajwa kati yetu wahitimu, tunaongea udanganyifu. Tunasema aibu gani hii, dunia nzima imeona namna gani batoto ba Congo wanatafuta diplome. Mwingine anajibu: lakini ndio kweli, tusijifiche. Basi tunabishana hapo mpaka soda inaisha. Hakuna anayeongea nyumba. Na mimi naona Examen d'État ni filamu ya nyumba kabla ya kuwa filamu ya mtihani.

Tukumbushane kidogo. Wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari wako darasani. Wanafukuzwa, wanarudi, wanafukuzwa tena, kwa sababu hawajalipa prime ya walimu. Kwa ndugu waliokulia ng'ambo: prime ni ile pesa wazazi wanayotoa ili mwalimu aweze kuishi, kwa kuwa mshahara wa serikali hautoshi au haufiki. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari bado inalipwa, kwa hiyo filamu ya 2014 haijazeeka. Basi wale vijana, mlango wa shule ukiwa umefungwa, wanajitafutia mitaani, na wanakutana katika nyumba moja ili wasome pamoja. Nyumba hiyo wanaiita maquis.

Wote tuliofanya maquis tunajua neno hili. Ni Kifaransa, lilikuwa neno la wapiganaji waliojificha porini. Mfinalisti wa Congo amelichukua akalipa maana nyingine: mahali ambapo mama hawezi kukutuma kununua makala wakati unatafuta kuelewa hesabu, mahali ambapo anayejua fizikia anamfundisha anayejua Kifaransa, na Kifaransa kinalipwa kwa fizikia. Hakuna mkubwa ndani. Hakuna ratiba isipokuwa ile mliyoandika wenyewe kwa chaki ukutani, na mnaivunja siku ya pili.

Uzuri wa Hamadi ni kwamba anaingia katika nyumba hiyo bila kuelekeza kidole. Hakuna sauti ya mtu mzima inayotuambia tufikiri nini. Kamera inakaa karibu na watu, karibu kama mwenzao wa kulala chini, na inangoja. Tunaona watu wanachoka, wanagombana, wanacheka, wanaomba Mungu, wanatafuta njia ya mkato. Na hapo njo jambo ninalotaka tulione vizuri: mkono unaogawa chakula katika nyumba ile ndio mkono unaogawa majibu ya wizi. Ni umoja ule ule. Kijana aliyezoea kwamba chumvi ya mmoja ni chumvi ya wote, atafikiria namna gani kwamba jibu la mmoja si jibu la wote? Filamu haitenganishi haya mawili. Sisi njo tunayatenganisha. Tunachukua udanganyifu tunaulaani, na umoja tunaupitia pembeni kama vile ni mapambo.

Sasa niwalete kwenye kitabu kingine, maana jirani yangu na karatasi yake alinikumbusha hicho kwanza. Watu wengi wa ng'ambo wanaojua mji wetu wanaujua kupitia A Bend in the River ya V. S. Naipaul, riwaya iliyotoka mwaka 1979. Mji hautajwi jina, lakini mto, maporomoko na kona ya maji vinatosha, na inajulikana kwamba Naipaul alifika Zaire mwaka 1975 kabla ya kuiandika. Anayesimulia ni Salim, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi kutoka pwani ya mashariki, aliyenunua duka hapa. Mteja wake Zabeth, mama anayekuja na mtumbwi kununua bidhaa za kijiji, anamkabidhi mwanawe Ferdinand ili amwangalie akiwa lycée. Ferdinand anakua, anasoma, anakuwa mkubwa wa serikali, na mwishoni njo yeye anamtoa Salim kifungoni na kumwambia aondoke.

Ni kitabu kilichoandikwa kwa nguvu, siwezi kusema vingine. Lakini angalieni: kila kitu tunachojua juu ya Ferdinand kimepita kwanza kwa macho ya Salim, na Salim ni mtu wa duka, mwenye hofu. Kijana mwafrika anakuja mlangoni kwake na Salim anajiuliza: anataka nini, anaigiza nani, ataniibia lini? Kijana ni fumbo linalotazamwa kutoka kwenye baraza. Ana walinzi, mmoja kisha mwingine: mama, mfanyabiashara, padri wa shule, halafu serikali ya Mkubwa. Wenzake wa rika moja ni kivuli tu. Ukisoma Naipaul peke yake utafikiri kijana wa Kisangani anatoka kijijini peke yake na anapanda ngazi peke yake.

Barua ya jirani yangu imeandikwa kwa macho ya Salim. "Wageni wasiojulikana." Hawajulikani na nani? Mimi ninawajua. Naipaul aliona mji kutoka dukani, Hamadi aliuona kutoka kwenye godoro lililotandikwa chini. Na sisi wahitimu, tuliolala kwenye godoro lile, tukipata tu mlango wetu wenye kufuli tunahamia dukani kwa Salim bila hata kutambua.

Ili mgeni aelewe kwa nini vijana wamejaa hivi katikati ya mji, niseme neno juu ya Makiso. Wakati mji ulipoitwa Stanleyville, hii upande wa kuume wa mto njo ilikuwa mji wa Wazungu: nyumba kubwa, bustani ya miembe, barabara pana. Waafrika walikaa mu cité, Mangobo, Tshopo, Kabondo. Nyuma ya kila nyumba ya Mzungu palijengwa vyumba vidogo vya boyi na mpishi, mlango ukitazama uani ili asionekane kutoka barabarani. Mwaka 1966 mji ukaitwa Kisangani. Chuo kikuu kilikuwa kimekwisha kuzaliwa mwaka 1963, hapa hapa mjini, na kisha zikaja taasisi za ualimu, biashara, afya, kilimo. Homu za wanafunzi hazikutosha. Basi vile vyumba vya boyi vikapewa jina zuri, aneksi, vikapangishwa kwa watoto wanaotoka Isangi, Banalia, Opala, Buta, Bafwasende. Nyumba kubwa ya mbele anakaa familia, au inakuwa ofisi. Uani wanakaa vijana. Ramani ya mkoloni haijabadilika sana, mpangaji njo amebadilika.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye aneksi ile na karatasi mfukoni. Sikuwaambia habari ya barua. Nilisema nimekuja kuwasalimia.

"Ya mukubwa, ingia, ikala," mmoja akasema, akanipa kadera pekee iliyokuwepo, yeye akakaa juu ya bidoni.

"Muko bangapi hapa?"

"Tuko tisa. Ba-dada batatu mu chumba ya kwanza, shiye sita mu vyumba viwili."

Wanafunzi watano, wanne wamemaliza masomo na hawajapata kazi ya kudumu. Mmoja ana pikipiki ya mtu, analeta versement kila jioni na kinachobaki ni chake. Mmoja anatengeneza simu mbele ya ligablo ya jirani. Dada mmoja anasomea uuguzi, anafanya stage usiku. Saa kumi na moja za asubuhi zamu ya maji inaanza, kwa sababu bomba la REGIDESO linatoa kidogo na lazima uwahi. Makala wananunua gunia moja kwa wote. Sombe inapikwa katika sufuria moja, na kama mtu wa nyumbani kwao ametuma ndizi, siku ile ni lituma na wote wana sikukuu. Kompyuta iko moja tu, ya fundi simu. Juu yake kazi tatu za mwisho wa masomo ziliandikwa mwaka jana, usiku, kwa zamu, kufuatana na saa za umeme.

Niliuliza juu ya pikipiki inayoingia usiku. Wakaangaliana. Halafu dada wa uuguzi akasema: "Ile njo inanirudisha kazini. Tena siku ile malaria ilimushika huyu, saa nane ya usiku, njo ilimupeleka hospitali." Aliyetajwa akainua mkono akicheka, kama vile mwanafunzi darasani.

Hiyo njo pikipiki ya barua, ndugu zangu.

Lakini nisiwaoshe mpaka waonekane malaika. Muziki ni kweli. Ijumaa wanaupiga mpaka karibu saa saba za usiku, na papa jirani ana mama mzee mgonjwa ndani. Hamadi mwenyewe hakuwaosha wake. Na choo, harufu iko, nimeisikia kwa pua yangu. Niliomba kukiona. Ni shimo moja, limejaa, kwa watu tisa. Bayeri, mwenye nyumba, alikwisha kuambiwa tangu Machi.

"Mulitoa garanti ya miezi ngapi?"

"Sita, ya mukubwa. Na komisyoneri alitwaa yake mwezi moja."

Hapa ninafika kwenye kasoro ninayoiona katika filamu ninayoipenda. Examen d'État imefungwa na mtihani. Mtihani una tarehe, una matokeo, kuna asilimia 50 ya kuvuka. Kwa hiyo nyumba ya maquis katika filamu ina mwisho: inakodiwa na wakati, kama hema. Mtazamaji anatoka akifikiri kwamba maisha haya ya kugawana ni darasa la mpito, kwamba kijana akifaulu atakwenda kukaa mahali pengine, kwa namna nyingine. Kumbe kwetu maquis haikuisha. Mimi nilipata diplome ya Serikali, nikafanya maquis ya chuo kikuu. Nikapata lisansi, nikakaa miaka sita zaidi mu aneksi na wenzangu watatu, tukiwa watu wazima wenye ndevu, tukichangia makala. Mtihani wa maisha yale hauna kituo wala msimamizi, na matokeo hayatangazwi.

Kasoro hiyo inazaa nyingine. Kwa kuwa nyumba ni ya mpito, adui katika filamu yuko nje yake: yuko shuleni, katika prime, katika pesa isiyopatikana. Ndiyo, yuko huko. Lakini mu lupango adui mara nyingine ana sura ya karibu zaidi. Congo ina sheria ya kupangisha nyumba, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Waliotoa sita wako mamia katika mji huu, na wanaopokea sita wanajua kusoma. Niliomba namba ya bayeri wa aneksi ile. Nilipoiona, simu yangu ilikuwa nayo tayari. Ni mmoja wetu. Ni mhitimu, anakaa Kinshasa, na sitamtaja hapa wala popote.

Nilimpigia. Tuliulizana habari za watoto, halafu nikamwambia juu ya choo. Akasema: "Batoto bale banaharibu nyumba, ndugu yangu." Nikamuuliza: "Weye mwaka ya mwisho ulikala wapi?" Akanyamaza kidogo. "Tulikuwa sita mu chumba moja," akasema, "lakini shiye tulikuwa na adabu."

Labda. Sikumbuki kwamba majirani wetu wa wakati ule walituona hivyo. Ninakumbuka mzee mmoja aliyetuita "bayuma" kwa sababu ya redio. Kila rika linajikumbuka lilivyosoma, na linaona la nyuma yake linavyopiga kelele. Ndio maana ninasema filamu ya Hamadi ina kazi kwetu kuliko kwa Wafaransa walioiona Paris. Wao inawaonyesha watu wasiowajua. Sisi inatuonyesha chumba tulichotoka, na kutuuliza tumekifanya nini.

Kuna mmoja atasema: nyumba ni biashara, bayeri naye ana watoto wa kusomesha, na kodi ya vijana njo inalisha familia nyingi za Makiso. Ni kweli, na sidharau. Mama wajane wengi hapa wanaishi kwa vyumba viwili vya uani. Lakini anayepokea kodi ya watu tisa amekubali kuchimba choo cha watu tisa. Hiyo si huruma, ni hesabu. Na barua iliyoelekezwa kwa wapangaji ilikuwa na anwani mbaya: harufu ile ilikuwa ya mwenye nyumba, wakaandikiwa wanaoivuta.

Jumanne nilirudisha karatasi kwa papa jirani bila jina langu. Nilimweleza niliyoyaona, na kwamba vijana wamekubali kuzima muziki saa nne za usiku, Ijumaa saa tano. Nilimwambia kama ataandika barua nyingine, kwa bayeri, juu ya choo, nitasinye wa kwanza. Aliitika tu, akaikunja karatasi, akaingia ndani. Tangu siku ile tukikutana anaangalia upande wa pili. Muziki umekatwa saa nne kwa siku tatu, ya nne hapana. Choo bado. Mwenzetu wa Kinshasa amesema mwisho wa mwezi.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Wenye aneksi kati yetu, na tuko wengi kuliko tunavyosema, tupokee miezi mitatu na tuwarudishie vijana iliyopita. Na wote, mkipata Examen d'État, iangalieni tena. Safari hii wacheni mtihani kidogo. Angalieni wanalala wapi, wako bangapi, nani anapika, nani ameamka wa kwanza kwenda maji. Halafu mkumbuke majina ya wale mliolala nao chumba kimoja. Mimi nilijaribu usiku ule. Wawili niliwapata upesi. Wa tatu, yule aliyenifundisha takwimu mpaka nikapita, jina lake lilinijia asubuhi tu, nikiwa tayari nimeshika barabara ya kwenda kwenye aneksi.